Ndege ya Saa Nane

Inspekta alikuwa amekunywa chai ya nyumba ile mpaka ikaanza kumwia aibu, maana hakuwa na lolote la kuwapa wenyewe.

Mtoto wa miaka saba, waliyezoea kumwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake, alitoka shuleni jana saa nane na nusu mchana na hakufika nyumbani. Watoto hupotea wakapatikana. Wengine hukutwa kwa jirani wakitazama katuni na kula vya watu. Lakini Kidoti alikuwa na kisukari. Aliishi kwa sindano ya insulini, asubuhi na jioni. Jana jioni hakuchomwa, na leo asubuhi hakuchomwa.

Daktari wake, mwanamume mfupi ambaye tangu jana alikataa kwenda kulala, alimvuta Inspekta kando, karibu na cherehani ya mama mtoto.

"Niambie bila kuzunguka," Inspekta alisema.

"Kwanza atashikwa na kiu. Atakunywa maji na hayatamtosha. Halafu atalala. Watu wasiojua watadhani amechoka na michezo." Daktari akashusha sauti. "Mpaka jioni ya leo atakuwa hapumui vizuri. Baada ya hapo mimi siahidi kitu."

Mama mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kushonea, amepakata kibebeo cha dawa chenye barafu. Alilala nacho, akaamka nacho. Kila mlango wa nje ulipolia, alinyanyuka nacho.

Mahabusu mmoja alikuwepo kituoni: dereva wa basi la shule. Mlinzi wa shule alimwona amemshika Kidoti mkono getini, na huyo dereva ana historia ya ugomvi. Ameulizwa usiku kucha, jibu lake ni lile lile: alimvusha mtoto barabara, akamwacha upande wa pili, akarudi kwenye basi lake. Inspekta alishaanza kumwamini, na hilo ndilo lililomtisha. Kama si dereva, basi hana mtu.

Angekuwa na baba mtoto. Fundi wa lifti, anakaa mji mwingine, waliachana na mkewe mwaka juzi, na mwezi uliopita mahakama ilimpa mama haki ya kukaa na mtoto. Baba wa namna hiyo hutiliwa shaka kabla hata hajabisha hodi. Lakini alikuwa angani. Tiketi yake ilisema kuondoka kule saa nane mchana, kufika hapa saa tisa na robo. Sajini alipiga simu uwanja wa ndege, akathibitishiwa: fundi alikuwamo, na ndege haikuchelewa. Mtu hawezi kuwa mawinguni na getini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo alikaribishwa kwenye kochi la watu aliowahi kuwaita wakwe, akalia nao, na kila mtu akamwonea huruma.

Simu yake ikaita. Aliipokea akiwa ameelekea dirishani.

"Mwache alale," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo. Mwache tu alale. Nitakuja." Akakata.

"Nani huyo?" Inspekta aliuliza.

"Fundi mwenzangu. Amekesha kazini, sasa wanataka kumwamsha."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na mambo mengine ya kufikiria, au ndivyo alivyodhani.

Kisha ndege ikapita juu ya nyumba. Ilikuwa ndege kubwa, ya juu sana, inakwenda zake nchi za watu. Hakuna aliyeijali. Watu wa nyumba ile walikuwa wameshakuwa na tabia moja tu: geti likilia, vichwa vyote getini. Baba mtoto peke yake ndiye aliyetoka barazani, akainua uso, akaifuata ndege ile kwa macho mpaka mlio ukaisha. Aliporudi ndani alikuwa amenywea.

"Unamngoja mgeni?" Inspekta aliuliza.

"Hapana."

"Shati hilo ni la jana."

Alilitazama shati lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Jana ulisema umekuja kwa wiki nzima," Inspekta aliendelea. "Begi lako liko wapi?"

"Sikuja na... Liko hotelini."

"Hoteli gani?"

"Ile ya stendi. Mwanangu amepotea, Inspekta. Nikae nifikirie shati?"

Lilikuwa jibu zuri. Hata mama mtoto alimtetea. "Mwacheni jamani," alisema bila kuinua kichwa. "Ni baba yake."

Nje, Inspekta alimshika Sajini kiwiko. "Jana ulipopiga simu uwanja wa ndege, uliuliza nini hasa?"

"Kama ulivyoniagiza, mkuu. Niliuliza kama fundi alikuwamo, na kama ndege ya saa nane ilichelewa."

"Wakasema?"

"Haikuchelewa hata kidogo."

"Nipe funguo za gari. Wewe kaa na yule baba. Akitaka kutoka usimzuie, ila nijue."

* * *

Uwanja wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, dirisha la tiketi, na mizani kubwa ya kupimia magunia iliyokaa mlangoni kabisa, kiasi kwamba huingii bila kuikanyaga. Ndege za njia hiyo ni ndogo, viti kumi na viwili, na kila kilo huulizwa imetoka wapi.

"Sabini na nane," karani alitangaza kwa sauti ya kusikiwa na benchi zote, kabla Inspekta hajasalimu. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, na abiria walimwita Bi Mizani, mbele yake na nyuma yake. "Mzigo?"

"Mimi si abiria. Mimi ni polisi."

"Polisi nao wana uzito, dada."

Benchi zikacheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa ameshaiona ramani iliyobandikwa ukutani: viwanja viwili, na uzi mwekundu umevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Kando ya uzi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: kilomita 200.

"Ndege yenu inakwenda kasi gani?"

"Kama mia tatu kwa saa, upepo ukiwa na adabu."

"Basi hapo ni dakika arobaini. Mbona tiketi inasema saa moja na robo?"

Bi Mizani alimtazama juu ya miwani. "Tukiandika arobaini, siku upepo ukikataa watatutukana mpaka bibi zetu. Tukiandika saa moja na robo, kila siku tunasifiwa kwamba tumewahi. Wewe ungeandika ipi?"

Dakika thelathini na tano ambazo fundi hakuwa angani! Akaanza kuhesabu kwa vidole mbele ya watu, bila haya. Saa nane, weka arobaini, inakuja saa nane na dakika arobaini. Kidoti alitoka getini saa nane na nusu. Akarudia. Akajaribu kuisukuma ndege iende kasi zaidi, akajaribu kuusogeza uwanja karibu na shule. Hesabu haikubali kubembelezwa. Saa nane na nusu mtoto anavushwa barabara, baba yake bado yuko juu, amefunga mkanda.

Alikaa kwenye benchi kati ya mzee mwenye redio na mwanamke mwenye ndoo ya rangi. Alifikiria yule mtoto mahali fulani akiomba maji, akipewa, akiomba tena. Alikuwa amekata tamaa, na hakuona sababu ya kuficha.

Redio ya mezani ikakoroma. Ilikuwa sauti ya rubani kutoka upande wa pili wa uzi.

"Bi Mizani, tairi limeshafungwa. Wametimia. Tunakuja."

"Njooni."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. "Hiyo ni ndege gani?"

"Ya saa nane."

"Saa nane bado mbali!"

"Wametimia, dada. Jana jioni tairi lilipasuka kule, abiria wakalala uwanjani. Na hawa wa leo wamewahi. Ndege ikishajaa wangoje nini, harusi?"

Inspekta alisimama polepole, kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika. "Huwa mnafanya hivyo siku zote?"

Bi Mizani akatazama kushoto na kulia. "Ofisi kuu hawataki kuyasikia hayo. Kwa hiyo hata ikiruka saa tano, kwetu ni ya saa nane. Mradi isichelewe. Usije ukanifukuzisha kazi."

"Na jana?"

"Jana walitimia mapema zaidi kuliko siku nyingi. Saa saba walikuwa wanashuka hapa, wanagombania kivuli."

"Polisi alikupigia simu jana."

"Alinipigia. Aliniuliza kama imechelewa, nikamwambia haijachelewa. Hakuniuliza kama imewahi."

Hakukuwa na wa kumlaumu. Swali lilikuwa la Inspekta mwenyewe. Sajini alilibeba tu kama alivyopewa.

"Fundi wa lifti," alisema. "Alikuwamo jana. Unamkumbuka?"

"Nitamsahau vipi na hajaniacha nilale? Begi, begi, begi. Jana ndege ilikuwa nzito, wakaacha mizigo kule ije na ya jioni. Ya jioni ndiyo hiyo ikapasuka tairi. Nimemwambia begi lako liko salama, limefungiwa ndani ya ndege, hakuna wa kuliiba. Hasikii. Usiku ananililia kwenye simu. Mwanamume mzima, dada, analilia begi!"

Kwa hiyo hakukuwa na hoteli ya stendi. Hakuwa akitazama angani kwa sababu ya huzuni. Alikuwa anangoja ndege, na ndani ya ndege kuna kitu ambacho hawezi kukinunua mjini. Kwa nini asikinunue? Inspekta alijua kwa nini. Jana alasiri yeye mwenyewe, fundi akisikia, aliagiza kila duka la dawa: mtu yeyote akiulizia insulini, polisi waarifiwe. Amri nzuri kabisa. Alitega mtego wa kumnasa aliyemchukua mtoto, na mtego ukamfungia mtoto dawa.

"Mpigie," alimwambia Bi Mizani. "Mwambie ndege inatua muda si mrefu. Basi, usiongeze neno."

Kisha akampigia Sajini. "Atatoka sasa hivi. Mwache aende. Akishapotea machoni, chukua gari la daktari, mlete daktari hapa, na mama mtoto, na kile kibebeo. Halafu piga kituoni, yule dereva aachiwe na aombwe radhi."

* * *

Ndege ilitua ikiruka-ruka, na begi la kijani likawa la kwanza kushushwa. Inspekta alilifungua juu ya mizani. Magauni mawili ya njano. Kandambili ndogo, mpya. Mdoli mwenye jicho moja. Chini kabisa, kibebeo cha dawa kinachofanana na kile cha mama mtoto. Barafu yote ilikuwa imegeuka maji, na maji yalikuwa ya moto, ya kuogea.

"Usishangae," alisema rubani, mtu mrefu aliyekuwa anafuta mikono kwa tambara. "Tangu jana jioni ndege imefungwa, na leo asubuhi nzima iko juani. Pale tunapoweka mizigo ungeweza kuchemshia yai."

Inspekta alilifunga begi, akaliacha pale pale juu ya mizani, akaingia nyuma ya dirisha la tiketi.

Fundi alifika kwa pikipiki. Hakungoja hata ishike breki vizuri. Aliingia, akaliona begi, akalidaka kwa mikono yote miwili kama mtu anayemwokoa mtu majini.

"Ni lako hilo?" Inspekta aliuliza kutoka dirishani.

Alitazama mlango. Rubani alikuwa amesimama hapo na tambara lake.

"Nimetumwa," alisema fundi.

"Umetumwa magauni ya njano?"

Mzee mwenye redio akaizima.

"Saa saba ulikuwa umeshatua," Inspekta alisema akitoka. "Ulifika shuleni na muda wa kutosha, ukangoja upande wa pili wa barabara. Yuko wapi?"

"Mara moja kwa mwezi," fundi alisema. "Mahakama imesema nimwone mara moja kwa mwezi, Jumamosi, mpaka saa kumi. Mwanangu, Inspekta. Jirani anamwona kuliko mimi."

"Yuko wapi?"

"Niache niende na begi. Nikishamchoma nitarudi, nitasema yote, nifungeni mnavyotaka. Nakuapia. Niache niende sasa hivi."

Inspekta alitumbukiza mkono begini, akatoa kichupa, akakiweka kwenye kiganja cha fundi na kumfumba vidole juu yake. "Shika."

Alikishika. Kilikuwa cha moto. Inspekta aliona uso wake ukibadilika, na ingawa alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumzaba kibao, alimwonea huruma.

Gari la daktari lilikuwa limeshafika. Daktari aliingia mbio, akakichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga. "Hii usimchome. Dawa imeharibika."

"Tangu jana jioni," Inspekta alisema, "tangu ulipojua hajachomwa, ulikuwa unangoja nini?"

"Ndege," alisema fundi.

Alikaa juu ya mizani na begi lake mapajani. Mshale ukaenda na kurudi. Bi Mizani, kwa mara ya kwanza siku ile, hakutangaza.

"Yuko kwa dada yangu. Kwenye shamba la alizeti, nyuma ya milima. Nilimwambia mahakama imenipa mtoto, anakuja likizo. Dada alikuja na pikapu, akatungoja kona ya shule, nikampakia mtoto, nikarudi kuwa mtu aliyetoka safari. Asubuhi alipanda mlimani penye mtandao, akanipigia. Anasema mtoto amemaliza jagi zima la maji, sasa amelala, kila akimwamsha anarudi kulala."

"Na wewe ukamwambia amwache alale," alisema Inspekta.

"Ulikuwa umesimama nyuma yangu! Ningesema nini?"

Mama mtoto alikuwa mlangoni na kibebeo chake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Wifi anajua kwamba mtoto anachomwa sindano?"

Fundi alitikisa kichwa. "Niliogopa. Angejua ni mgonjwa angekataa kukaa naye. Nilitaka niende mwenyewe jioni na dawa, nimweleze taratibu."

"Mpigie sasa."

Alipiga. Simu ya dada yake haikupatikana. Akapiga tena, na tena, mpaka Inspekta akamwondolea simu mkononi.

"Kwa gari ni muda gani?"

"Saa nne. Barabara inazunguka milima yote."

Daktari alifumba macho.

"Kwa hewa ni dakika ishirini," alisema rubani. "Shamba lile lina kiwanja cha nyasi. Zamani nilikuwa natua pale na ndege za kunyunyizia dawa. Kutua, natua. Kuondoka ndiyo shughuli. Ni kifupi, na kwa joto hili ndege haipandi upesi."

"Tutazungumza tukifika," alisema Inspekta.

Bi Mizani hakumpima mtu. Aliingia mwenyewe ndani ya ndege, akawa anatupa nje masanduku na ndoo za rangi, na abiria waliokuwa wanangoja zamu yao wakaona afadhali kunyamaza. Sajini aliachwa ili kupunguza uzito. Walipanda wanne: daktari, mama mtoto, Inspekta, na fundi mwenye pingu.

Rubani aligeuza shingo. Kwa mazoea, bila kufikiri, akauliza, "Mmetimia?"

"Bado mmoja," alisema mama mtoto. "Twende tukamchukue."

* * *

Dakika ishirini kwenye ramani ni uzi mfupi kuliko kidole, lakini mama mtoto alizimaliza akiwa amesimama nusu, kichwa kimegusa paa, kama mtu anayetaka kuisukuma ndege. Daktari alipanga vifaa vyake mapajani, akavipangua, akavipanga upya. Fundi alitazama pingu zake.

Walitua vibaya, wakarushwa, wakasimama karibu sana na miti. Rubani hakuzima injini. Mwanamke wa makamo alikuwa anakuja kwenye nyasi anajifuta udongo mikononi, uso umejaa tabasamu. Alikuwa anafanana na fundi mpaka mwendo.

"Wifi!" alimwita mama mtoto. "Karibuni jamani! Kumbe mmepatana, mbona hamkunipigia, hata ningepika?" Kisha akaweka kidole mdomoni, akapunguza sauti. "Ila taratibu. Mtoto amelala tangu asubuhi. Baba yake alisema tumwache alale."

Mama mtoto alikuwa ameshampita. Daktari alimfuata mbio, mfuko unampiga kiunoni.

Inspekta alipofika chumbani, daktari alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kidoti alilala chali, macho nusu, anavuta pumzi ndefu za haraka haraka, kama mtoto aliyetoka kukimbia. Chumba kilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kwenye stuli palikuwa na jagi tupu. Mama alikuwa anamwita jina lake la nyumbani sikioni, bila kupumzika, na mtoto hakugeuka.

"Mshipa haushiki," daktari alisema. Akajaribu mkono wa pili. Akalaani kwa sauti ya chini. Akajaribu tena. "Umeshika. Shika chupa hii juu, mama. Juu zaidi. Anapumua, na insulini nampa, lakini sasa sindano peke yake haitoshi, hapa siwezi kumtibu. Hospitali, na iwe sasa hivi."

Nje rubani alikuwa amekipima kiwanja kwa miguu, na hakuyapenda majibu. "Mtoto, mama, daktari," alisema. "Basi. Mwingine yeyote akipanda tutaishia kwenye ile miti."

Inspekta hakubisha. Lakini fundi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mimi ni baba yake," alisema.

"Najua," alisema Inspekta.

Walimpitisha mtoto mbele yake. Mguu wenye soksi moja ulimgusa kifuani. Aliutazama ukiingia ndani ya ndege, kisha akauondoa mguu wake mwenyewe kwenye ngazi, bila kuvutwa na mtu.

"Mtafuata na ndege ya baadaye," rubani alisema, akafunga mlango. Ndivyo walivyomwambia fundi jana juu ya begi lake, na rubani hakuwa na nia mbaya.

Ndege ilikimbia mpaka mwisho kabisa wa nyasi. Inspekta aligeuza uso. Aliposikia mlio umebadilika aligeuka tena, na magurudumu yalikuwa yanapita juu ya matawi, yanayatikisa. Ikapanda kwa shida, ikapinda, ikaelekea milimani.

Wakabaki watatu. Inspekta aliinua simu yake juu, akaizungusha huku na huku, mtandao hakuna. Hakukuwa na la kufanya. Baba mtoto alisimama na pingu zake, uso angani, vile vile kama asubuhi barazani, na safari hii Inspekta naye alitazama huko huko.

Dada mtu alikuwa bado ameshikilia ncha ya shuka walilomtolea mtoto. "Mdogo wangu," alisema, "mtoto anaumwa nini?"

Fundi aliendelea kutazama angani.

"Ana kisukari," alisema Inspekta. "Anaishi kwa sindano."

Dada mtu alikaa chini pale pale kwenye nyasi. "Nimemnywesha maji," alisema. "Alikuwa ananiomba maji na mimi nampa. Nikafunga na pazia ili jua lisimwamshe. Mbona hukuniambia?"

"Begi lingekuja jioni, dada," alisema fundi. "Walisema lingekuja jioni."

Inspekta alitazama saa yake. Ndege ilikuwa haijafika hata nusu ya njia.